Mguu wa Mradi

Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyomdharau yule mtaalamu, na nimeuza samaki Lamadi miaka mingi, matapeli nawajua. Tapeli wa samaki angalau anajua anakuibia. Yule bwana aliamini kabisa kwamba anatusaidia.

Mayu, yaani mama yangu, ana kisukari, na alikuwa na kidonda chini ya unyayo kilichogoma kupona. Tulikuwa tunakisafisha nyumbani Kalemela, na hofu yetu ilikuwa moja tu: mguu usije ukakatwa. Mayu mwenyewe alikuwa akisema, mtu aliyelima pamba tangu utoto hawezi kukaa kwenye kigoda akisubiri kuletewa maji.

Ndipo tukasikia kwamba hospitali ya Bariadi wamekuja wageni na mashine inayochapa dawa. Siyo karatasi, dawa. Tukaenda. Sindano ya ile mashine ilikuwa inakwenda huku na huku, inadondosha jeli tabaka juu ya tabaka, mpaka kikatoka kipande chenye umbo lilelile la kidonda cha mayu, maana walishakipiga picha. Kusema kweli, kilipendeza. Mtaalamu akatueleza kuwa hiyo siyo jeli ya kupaka nywele, ni jeli yenye akili. Inatunza maji, inaachia dawa kidogokidogo, na kidonda kikianza kuharibika yenyewe inageuka kutoka nyeupe kuwa zambarau.

"Ukiona zambarau, bibi, ujue kuna hatari," akamwambia mayu. Shikamoo hakutoa.

Wakambandika ile jeli, wakampiga picha, wakampa na fulana ya mradi iliyomfika magotini. Wakamlaza, na kwenye kitanda chake cha wodini wakabandika karatasi: MGONJWA WA MRADI. Mayu hajui kusoma, akaniuliza imeandikwaje. Nikamwambia, akafurahi, akadhani atahudumiwa wa kwanza.

Kesho yake asubuhi jeli ilikuwa zambarau. Siyo ya kubahatisha, zambarau ya kitenge kipya. Nikamwita mtaalamu mbio. Akainama, akaangalia, akatabasamu. Mungu anisamehe, nilitaka kumzaba kofi.

"Ni joto tu," akasema. "Joto la huku kwenu linaidanganya. Kule maabara haifanyi hivi."

"Kumbe akili yake inaishia njiani, Bariadi haifiki?"

Akacheka, eti nina utani! Akafunga bandeji juu ya ile jeli, akaagiza isifunguliwe mpaka arudi kutoka Dar, kwa sababu tukifungua tutaharibu matokeo. Kisha akapanda gari lake. Jeli ilikuwa imesema kila kitu ilichotumwa kusema, na aliyeitengeneza ndiye aliyeiziba mdomo.

Mayu akaanza kutetemeka, mara jasho, mara baridi. Harufu ikaanza. Nikaenda kwa muuguzi wa zamu, naye akaja, akaisoma ile karatasi, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni wa mradi, dada. Sisi hatumgusi."

Daktari naye wimbo uleule: tusubiri wenye mradi. Watu wazima, wamesomeshwa, wana mikasi mifukoni, wanaogopa karatasi iliyobandikwa na gundi! Nilisonya wodi nzima ikageuka. Nikaichana ile karatasi, nikaifungua bandeji kwa mikono yangu. Vidole vya mayu vilikuwa vimekuwa vyeusi.

Hapo sasa walikimbia wote. Kumbe miguu ya kukimbilia walikuwa nayo. Walimkata chini kidogo ya goti.

Mtaalamu aliporudi alikuja kutoa pole. Alileta sabuni na fulana nyingine ya mradi. Ile fulana nadekia nyumba mpaka leo, na nikiikamua naikamua kwa nguvu.

Baadaye tulirudi pale hospitali kwa ajili ya kuangaliwa jeraha la kukatwa. Mayu alikuwa ameanza kuzoea magongo. Kwenye ukuta wa korido tukakuta picha kubwa ya rangi, imewekewa kioo: unyayo umebandikwa jeli nyeupe inayong'aa, na vidole vyote vitano viko mahali pake. Chini yake wameandika kwamba teknolojia imefika Simiyu. Nilitaka kumpitisha harakaharaka, lakini alishasimama.

"Ni wenyewe," akasema. "Huo ufa wa kisigino niliupata shambani."

Akautazama kwa muda mrefu. Nilidhani atalia, nikamshika bega. Badala yake akamwita muuguzi aliyekuwa anapita, yuleyule wa siku ile, akamsalimia kwanza, "Mwangaluka, mwanangu," kama desturi. Kisha akamuomba, kwa adabu kabisa, amshushie ile picha aende nayo nyumbani, kwa kuwa mguu wenyewe hakupewa hata wa kuzika.

Muuguzi akaangalia chini. Akasema haiwezekani, picha ni ya mradi.