Jinsi paka alivyopita katikati ya Bethlehemu yangu ya karatasi na posa yangu ikiwa hatarini

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakubwa shikamooni kama bado mpo humu.

Hiki ninachosimulia ni kweli tupu. Ndani yake kuna uongo mmoja tu, niliusema mwenyewe, tena kanisani. Tukifika hapo nitawaonyesha.

Mimi ni babu. Naongea, mjukuu anachapa. Amenikataza kutumia herufi kubwa, eti humu ni sawa na kupiga kelele.

Turudi miaka ya hamsini. Nilitoka Mahenge kijana mbichi, nikaja Ifakara kujifunza useremala. Baadaye nikapata kazi kijiji kimoja jirani, karibu na mto, penye kanisa dogo la makuti.

Kanisa lile lilikuwa chini ya mwalimu wa dini, Mwalimu Damiani. Padri alikuja mara moja moja, siku nyingine zote mwenye kanisa ni yeye.

Na Mwalimu Damiani alikuwa na binti, Veronika.

Nadhani mmeshaelewa.

Nilimtuma mjomba wangu kupeleka posa. Jibu likarudi fupi: "Bado namwangalia."

Sababu naijua. Nilikuwa nimemtengenezea Mwalimu benchi la kwaya, nikalifanya harakaharaka, mguu mmoja ukawa mfupi. Mzee alikuwa akiwaambia watu kwamba benchi langu linacheza kuliko wanakwaya wenyewe. Mimi kwa haraka sina mfano, mpaka leo chai nainywa inaniunguza.

Siku moja akaniita.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Kijana, pango letu la udongo la Mtoto Yesu limebomolewa na mvua. Nataka unitengenezee kitu cha Noeli, kitu cha kutaka subira. Nikishakiona nitampa mjomba wako jibu."

Yaani mtihani wakuu! Na deadline ni mkesha wa Noeli.

Sasa, bruda wa misheni aliyenifundisha useremala alikuwa na kisanduku alicholetewa kutoka kwao Ulaya. Ndani yake karatasi zimekatwa picha, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, taa nyuma. Ukitazama kwa mbele unaona milima, nyumba, watu, kama unaweza kuingia na kutembea. Mjukuu anasema siku hizi zinauzwa online, zina umeme.

Nikasema, hiki hiki.

Fremu niliitengeneza kwa vipande vya mninga vilivyobaki kazini. Safari hii nilipima kila pembe mara tatu. Karatasi za mbele nilitumia mifuko ya saruji, maana ni nzito na nyeusi kidogo. Za nyuma karatasi nyeupe. Tabaka saba, nikakata kwa wembe, kati ya tabaka na tabaka nikaweka vijiti vya mwanzi ili zisigusane.

Wiki tatu nzima! Vidole vyote vina plasta za matambara.

Bethlehemu sijawahi kuiona, kwa hiyo nilikata ninachokijua. Milima nyuma ni ile ya upande wa Sanje. Mbele mto. Ngamia sijui miguu yake inakaaje, nikawaleta mamajusi kwa mtumbwi. Pembeni nikaweka kiboko.

Veronika alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akawasha koroboi nyuma yake na kicheko kikaisha.

Giza tupu. Mwanga haupiti.

"Karatasi inataka mafuta," akasema. "Ikinywa mafuta, itapitisha mwanga."

Kweli, lakini mafuta ya karanga msimu ule hayakuwepo. Kesho yake akaleta chupa chini ya khanga. Mafuta ya kambale. Mimi mtu wa milimani, samaki namjua akiwa kwenye sahani. Nikapaka tabaka zote, tena sikubana mkono. Karatasi zikang'aa kama kioo cha dirisha. Mafuta yenyewe yakiwa baridi hayakunuka sana.

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mkesha tulianza sala mapema, jua likizama, kwa sababu ya simba njiani. Watu wengine walikuwa wametoka mbali. Kisanduku kipo juu ya meza mbele, koroboi nyuma yake. Nikawasha.

Wakuu, kanisa zima lilisema "aaah". Mto ukang'aa. Milima ikasimama. Akina mama wakapiga vigelegele hadi wimbo ukakatika. Mwalimu Damiani alisogeza uso karibu, akauliza polepole, "Bethlehemu kuna kiboko?" lakini mdomo unataka kucheka. Nikajua nimeoa.

Sasa kumbukeni mambo mawili. Moja, koroboi ni moto, na mafuta ya samaki yakipata joto harufu yake inaamka. Pili, chumba cha nyuma ya kanisa kilihifadhi mpunga wa sadaka, na kwa ajili ya panya palikuwa na paka wawili.

Tukiwa katikati ya wimbo, juu ya milima ya Bethlehemu kikatokea kichwa. Kikubwa, chenye masikio. Kivuli kimejaa anga yote.

"Simba!" mtu akapiga kelele.

Nusu ya kanisa ilikuwa nje kabla neno halijaisha. Benchi langu likaanguka lenyewe.

Halafu paka akapita. Tabaka ya saba, ya sita, zote, akatokea kwa mbele katikati ya hori, punda wa karatasi mdomoni. Mwenzake akafuata kupitia tundu lile lile. Nikaruka nikazima koroboi kwa kiganja.

Watu waliporudi, Mwalimu Damiani alikuwa ameshika kipande cha mlima, anakinusa.

"Nani kapaka haya mafuta?"

Veronika alikuwa pembeni yangu, anatazama vidole vya miguu. Nikimtaja, ameaibika mbele ya kijiji. Nikijitaja, posa imekufa.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliyanunua kwa wavuvi."

Huo ndio uongo niliowaahidi.

Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini. "Mafuta haya yana karafuu. Ni dawa yangu ya goti, natengeneza mwenyewe. Wavuvi wa hapa wameanza lini kutia karafuu?"

Akarudi mbele, akamalizia sala mbele ya fremu tupu.

Mlangoni akanisubiri.

"Umesema uongo kanisani. Padri akija, wa kwanza kuungama ni wewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukishaungama, waambie wazee wako waje. Na waje na chupa ya mafuta, goti linaniuma."

Wakuu, nililia. Siwafichi.

Fremu ya mninga ilipona, ipo ukutani hapa, ndani kuna picha ya harusi. Nilichojifunza ni kwamba wiki tatu nilidhani mzee anaitazama mikono yangu, kumbe jibu lake lilikuwa linasubiri kitu kingine. Nyie mliopeleka posa, mlipimwa kwa kitu gani? Shusheni hapa chini.

Na mtuamulie kesi: kosa la aliyeleta chupa au la aliyepaka? Bibi Veronika amekaa hapa na miwani yake, anasema niandike kwamba aliniambia nipake kidogo.