Fundi Aliyehesabu Nguzo

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, watu walimwita Paa. Wateja walidhani jina lilitokana na kazi yake, maana alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Waliosoma naye walisema alipewa tangu shule, kwa mbio zake, kama yule mnyama wa porini. Mwenyewe ukimuuliza alikujibu kwamba yote mawili ni kweli, kisha akaendelea na shughuli zake. Juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, alitembea kama sisi wengine tunavyotembea sebuleni, penseli sikioni na misumari mdomoni, huku walio chini roho ziko mkononi kwa niaba yake.

Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi na mtu mmoja tu, Mrefu. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja akinyoosha mkono bila kutazama, mwenzake alishampa nyundo. Watoto wa dada yangu walimwita Mrefu baba mdogo, na hakuna aliyewafundisha kumwita hivyo.

Ajali ilitokea asubuhi, kwenye nyumba ya ghorofa moja ambayo paa lake lilikuwa limebaki saa mbili tu kukamilika. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Kazi ya Mrefu siku zote ilikuwa kuifunga ile ngazi kwa kamba kwenye boriti, juu, kabla mtu hajapanda wala kushuka na mzigo. Siku hiyo simu yake iliita, akaenda pembeni kuongea, na kamba ikabaki begani mwake. Paa akaanza kushuka kinyumenyume na mfuko wa vifaa mgongoni. Ngazi ikateleza kwenye ukuta uliokuwa bado na unyevu wa mvua, naye akaangukia lundo la matofali. Nyonga ilivunjika, mguu wa kushoto ukavunjika mara mbili, na mbavu tatu zikapasuka.

Mrefu ndiye aliyemfikisha hospitali. Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, viatu vya Paa mapajani, akivifuta tope kwa kiganja. Dada yangu alipofika akamkabidhi vile viatu, akasema pole, akaondoka. Tangu hapo hatukumwona kwa miezi.

Wiki saba Paa alilala wodini na vyuma mguuni. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia ukweli bila kuuzungusha: kutembea atatembea, akiwa na subira, lakini habari za kupanda juu aziache kabisa. Paa aliitikia kwa kichwa.

Nyumbani walimwekea kitanda sebuleni, kwa kuwa mlango wa chumbani ulikuwa mwembamba kwa mtu wa magongo mawili. Alilala akitazama dari. Wageni walipokuja kumjulia hali alifumba macho akajifanya amesinzia. Dada yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji na hakuweza kuongeza siku za likizo, mimi nafundisha, watoto wako shule. Ikabidi mama yetu aje kukaa naye mchana.

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Mama na mkwewe walikuwa wameheshimiana miaka kumi na tano, na heshima yenyewe ilikuwa ya kusalimiana, kuulizana habari za watoto na kila mtu kushika njia yake. Sasa walifungiwa chumba kimoja kuanzia asubuhi hadi alasiri. Mama, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, alikaa kwenye kiti cha dirishani akifuma kofia za watoto wachanga, kama alivyokuwa akifanya kila mwaka kwa ajili ya wodi yake ya zamani. Paa alitazama dari. Siku tatu zilipita hivyo. Siku ya nne Paa alisema dari imepinda upande wa kulia. Mama akasema aliliona hilo siku ya harusi. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, mama anasema, alimsikia mkwewe akicheka, japo mbavu zilimkataza.

Baada ya hapo mama alianza kumpa vikazi. Kwanza alimtaka amshikie uzi wakati yeye anauviringisha. Kisha akamwomba amhesabie vitanzi, maana macho yake hayakuwa yale ya zamani. Paa alipokea kile kipande, akakigeuza, akakitazama kama anavyotazama ukuta kabla ya kuupaua.

"Mama, mstari wa tatu kutoka chini umeruka kitanzi kimoja," alisema.

Mama alikisogeza usoni, akahakikisha. Kesho yake alikuja na sindano mbili za ziada, akamwekea juu ya shuka bila maelezo.

Ningependa kusema alikuwa na kipaji. Hakuwa nacho. Vidole vilivyozoea nyundo vilikaza uzi hadi sindano ikagoma kupita. Kofia yake ya kwanza ilimchukua siku tisa, na mama alipoipokea aliingiza ngumi zake zote mbili ndani, akasema inamfaa mtoto wa tembo. Paa akajitetea. Kile kipande cha bati kinachofunika mgongo wa nyumba, pale miteremko miwili inapokutana, mafundi wenyewe hukiita kofia, na za namna hiyo alishafunika nyumba mia na zaidi bila hata moja kuvuja.

"Sawa, baba," mama alimjibu. "Ila kichwa cha mtoto hakina miteremko miwili. Fumua."

Akafumua. Ya tano ilikuwa kofia ya kweli.

Wakati huohuo kulikuwa na habari ya kutembea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa dada mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, Paa akampachika jina la Afande. Afande alimwagiza atembee kila siku, mvua au jua, na kila wiki aongeze kidogo. Paa aliuliza kidogo ni kiasi gani. Fundi hawezi kufanya kazi na neno kidogo. Afande alichungulia dirishani, akaona nguzo za umeme zilizopangana kando ya barabara yetu, akamwambia nguzo moja kwa wiki.

Siku ya kwanza nilikwenda naye mimi, nikitoka kazini. Kutoka getini hadi nguzo ya kwanza mtu mzima anapiga hatua sabini. Yeye alipiga mia moja na themanini na tano, na alizihesabu zote kwa sauti ya chini. Alipofika alitupa gongo moja, akaikumbatia ile nguzo kwa mkono, shati limelowa chapachapa. Nilitaka kumpongeza nikaona mdomo wake unatetemeka, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Tuliporudi alichukua kalenda ya ukutani, akaandika nyuma yake: nguzo 1, hatua 185, dakika 22.

Ile kalenda ninayo. Ukiisoma unaona hatua za kila nguzo zinapungua na nguzo zinaongezeka, wiki baada ya wiki. Kwenye nguzo ya tatu kuna neno "mbwa" bila maelezo. Kwenye ya saba kuna "gongo moja". Kwenye ya tisa kuna mstari mtupu, na baada yake siku kumi na mbili hazina kitu.

Kwenye nguzo ya tisa alianguka. Palikuwa na tope, gongo likateleza, akaenda chini mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kinyozi. Hakuumia. Walimnyanyua, wakampangusa, mmoja akamleta nyumbani kwa baiskeli, amekaa nyuma kama mzigo wa mkaa. Alipofika alirudi kitandani, akaugeukia ukuta. Dada yangu alimbembeleza. Watoto walimbembeleza. Mimi nilimletea mfano wa mwalimu mwenzangu aliyevunjika mguu, na bado najionea aibu kwa hotuba ile. Afande alikuja akafoka, akaondoka. Paa alisema tu kwamba mguu umekataa na mtu asiulazimishe.

Mama hakumbembeleza hata siku moja. Aliendelea kufuma pale dirishani. Siku ya kumi na mbili alikung'uta kikapu chake kikatoa sindano tu.

"Uzi umeisha," alisema. "Wodini kuna watoto kumi na wanane, na kofia ziko kumi na moja. Duka liko nguzo ya sita, na mimi magoti yangu hayanipeleki."

Paa aliuliza uzi wa rangi gani. Mama akasema wowote, mradi usiwe mweusi. Akashusha miguu kitandani, akatafuta gongo lake, akatoka. Alirudi baada ya saa nzima na uzi wa manjano na wa kijani, na nyuma ya kalenda akaandika nguzo 6. Tangu siku hiyo hajaacha tena kutembea.

Kofia zilipofika ishirini na nne alizipeleka wodini mwenyewe, nguzo kumi na tano kwenda, nguzo kumi na tano kurudi, gongo limebadilika kuwa fimbo. Wauguzi walidhani ametumwa na mke wake. Alipowaeleza kwamba nusu yake amezifuma yeye, mmoja alimtazama mikono, akaita wenzake waje wamwone. Alitusimulia hayo wakati wa kula, kwa kirefu, na watoto wakamwomba arudie.

Ila kulikuwa na jambo nililoligundua kwenye kalenda. Alipofika nguzo ya ishirini na moja aliacha kuongeza. Wiki tatu mfululizo aliandika ishirini na moja, ingawa mguu ulikuwa unaweza na muda ulikuwepo. Nilienda kutazama. Baada ya nguzo ya ishirini na mbili barabara inakata kushoto, na nyumba ya pili ni kwa Mrefu.

Sikumuuliza. Jumamosi moja tukiwa pamoja alifika nguzo ya ishirini na moja, akasimama, akapangusa uso, akaendelea mbele. Nikamfuata.

Mrefu alikuwa uani kwake, anapiga randa mbao ya mlango. Alikuwa amekonda. Alipotuona aliweka randa chini taratibu, kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake. Hakuna aliyesalimia. Mimi nikasalimia kwa ajili yao wote, nikaletewa kigoda.

Mrefu alisema ameacha kupaua. Tangu siku ile akiweka mguu kwenye ngazi, mikono inakufa ganzi, kwa hiyo sasa anatengeneza milango na meza. Kisha lililomkaa moyoni likatoka lenyewe.

"Kamba nilikuwa nayo begani, ndugu yangu. Begani hapa."

"Najua," Paa alisema. "Niliiona."

"Uliiona lini?"

"Nikiwa juu. Nilikuona unaongea na simu, kamba iko begani. Nikasema moyoni, ah, nitashuka tu, mara moja hii. Sikukuita."

Mrefu alikaa juu ya ile mbao aliyokuwa akiipiga randa. Akauliza kwa nini Paa hakuyasema hayo mapema, miezi yote hiyo, yeye akiwa hali wala halali.

"Ungekuja ningekwambia," Paa alimjibu. "Nilikusubiri. Halafu nikakasirika. Halafu nikawa najifunza kutembea, nikasahau kukasirika."

Hawakukumbatiana wala nini. Mke wa Mrefu alileta chai, tukanywa. Paa alipitisha kidole kwenye ukingo wa ile mbao ya mlango, akasema imepinda, na Mrefu akasema haijapinda, ni jicho lako. Wakabishana kwa saa nzima. Wakati wa kurudi Mrefu alitusindikiza. Nilitegemea ataishia kwenye kona, akafika nasi hadi getini, akaingia, na watoto wakamrukia.

Mambo yalikwendaje baada ya hapo? Walifungua karakana ya pamoja kwenye uwanja wa Mrefu. Wanaunda kenchi zikiwa chini, zimekamilika, kisha mafundi wengine wanazipandisha na kuzifunga. Paa anapima na kukata, Mrefu anaunga. Ngazi ya kwanza iliyonunuliwa ina kamba iliyofungwa moja kwa moja, huwezi kuitenganisha nayo. Paa aliwahi kuijaribu mara moja, akapanda vidaraja vitatu, akasimama, akashuka, akaenda kunawa mikono. Hakuna aliyemsema.

Anachechemea, na atachechemea hadi mwisho. Kila asubuhi bado anatembea, ingawa nguzo haandiki tena. Jioni anafuma, na mama anamkagua. Mrefu amekataa katakata kujifunza, anasema mwendawazimu mmoja anatosha kwenye kampuni.

Mwezi uliopita nilipita mahali walipokuwa wakipandisha kenchi za darasa jipya shuleni kwetu. Paa alikuwa chini, fimbo imeegemea mguu, anawaelekeza vijana kwa mkono, shingo ameipinda juu. Nilimuuliza kama huwa anatamani kuwa kule juu.

"Siku nyingine natamani, shemeji," alisema. "Siku nyingine wala. Leo goti linauma tu."

Kisha akamwita mmoja wa wale vijana, akamwambia kenchi ya nne isogee kushoto inchi moja.