Kauvimbe Kadogo Tu

Siku hizi ukiketi hotelini Kabati, "ka" imejaa kila meza. Vijana wanaitana kwa simu waende katripu, wale kanyama, wapige kapicha. Hata mwenye hoteli ameandika mlangoni kwa chaki: "Kachai kako tayari." Sisi shuleni tulichapwa kwa kusema "katoto". Mwalimu alitaka "kitoto", na aliyekosea alikalia upande mmoja siku nzima. Sasa ndiyo fasheni na kila mtu anacheka. Mimi sicheki. Najikuta nimewakasirikia watoto wa watu ambao hawajanikosea chochote.

Mama yangu alizungumza hivyo kabla ya fasheni. Kwetu Kanyangi, "ka" ilikuwa adabu. Ukiomba maji, unaomba kamaji, mwenye nyumba asione unamlemea. Ukivuna vizuri, unasema umepata kandengu, majirani wasikuonee kijicho. Mama alipunguza kila kitu. Njaa ilikuwa kanjaa, ukame ulikuwa kajua. Baba alipofariki, aliwaambia waliokuja kumpa pole kwamba amepatwa na kashida.

Basi siku tunachambua ndengu uani, akaniambia ana kauvimbe kwenye titi. Alisema hivyo hivyo, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mwaitu, twende hospitali," nikamwambia. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

"Ai, ni kauvimbe kadogo tu. Wacha kwanza tumalize mavuno. Hatuwezi kusumbua watu na hii."

Tukavuna, tukapura, tukapeleka magunia sokoni. Uvimbe haukutungoja.

Hatimaye tulipofika hospitalini Mutomo, daktari alimuuliza anajisikiaje. "Ni kauchungu tu, daktari, usijali," akajibu kwa tabasamu, kana kwamba yeye ndiye mwenyeji na daktari ni mgeni wake. Daktari hakutabasamu. Alinieleza kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea mwilini.

Siku yake ya mwisho nilimpelekea uji wodini. "Kunywa kauji, Mwaitu," nikambembeleza kwa lugha yake mwenyewe. Akasukuma kikombe, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mwanangu, ni uchungu. Ni uchungu mwingi sana."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akikiri kwamba jambo ni kubwa. Nilitamani aniambie ni kadogo tu, hata kama ni uongo.