Hodi ya Mfasiri wa Filamu

Mfasiri wa filamu katika ukumbi wetu wa video hapa Gongoni hukaa kando ya skrini, kipaza sauti mkono wa kushoto, wa kulia ukisugua goti. Sisi wa kazi ya chumvi tukitoka alasiri humkuta keshaanza, sauti nzito, haina haraka. Filamu za kutisha anazijua kama nyumba yake: simu itakosa mtandao, gari litakataa kuwaka, paka ataruka kwanza, zimwi litafuata. Msichana akishika kitasa cha nyumba tupu, yeye huisimamisha filamu. "Mwaona? Huyu hajapiga hodi. Mwacheni afe." Ukumbi mzima hucheka. Yeye hacheki.

Juzi tulitoka mapema, tukamkuta mlangoni anatafuta ufunguo. Ummulkheir, ninayefunga naye magunia, akamwuliza, "Kaka, wewe huogopi kitu?"

"Niogope nini, na mwisho naujua?"

Akafungua kufuli. Ndani hamkuwa na mtu. Akausukuma mlango kidogo tu, akarudi hatua moja, akapiga hodi mara tatu. Kisha akangoja, nasi sote tukangoja naye.