Hili Si Jembe, Mzee

Naona aibu kusimulia haya, na mke wangu huondoka sebuleni kila nikianza, lakini mmeniuliza kwa nini kwenye meza yangu ya majembe pale sokoni nimefunga kinyundo kwa kamba, basi kaeni mnicheke.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Vipuri havipatikani, malori yamelala, na serikali ikaamua mashine zake za ziada zilizokaa bure kwenye yadi ya Sumbawanga ziuzwe kwa karakana za mafundi, wachonge bolti na kunoa vyuma hapa hapa. Mimi nilikuwa karani wa stoo, kijana wa kidato cha nne, kalamu mbili mfukoni (moja haikuwa na wino). Asubuhi ya mauzo nikaona nikingoja wabebaji nitachelewa, nikalitoa mwenyewe kwenye kreti jiwe la mashine ya kunolea, pana kama sinia, likaniteleza likapiga sakafu. Likapata ufa mwembamba kama unywele. Nikisema, ninaandikiwa barua ya onyo. Basi nikausugua ule ufa kwa sabuni na vumbi, nikalifunga jiwe mahali pake, nikabandika kikaratasi: nzima.

Akaja Mzee Polikapi, mfua vyuma wa kijiji cha Pito, na jembe lake begani. Kwetu Ufipa mtu hanunui jembe bila kuligonga na kusikiliza. Likilia vizuri analipenda, likitoa sauti iliyokufa lina ufa. Akaliinamia jiwe, akatoa kinyundo.

“Shikamoo, mzee,” nikasema, nikamshika mkono haraka.

“Marahaba, mwanangu. Niache nilisikie kidogo.”

“Hili si jembe, mzee! Hii ni mashine ya serikali!”

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, “Mzee anataka kuipigia mashine hodi!” Mzee akarudisha kinyundo mfukoni, naye akacheka kwa haya, na kicheko chake hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Bosi wangu wa yadi akaamuru injini iwashwe. Mkanda ukavuta, jiwe likazunguka polepole, kisha likaanza kuvuma. Mzee akasimama mbele yake kabisa, uso karibu (macho yake hayakuwa mazuri), jembe mkononi. Nikajiambia litashika, litashika. Nikamtazama bosi, nikatazama kikaratasi changu. Jembe likagusa jiwe, cheche zikaruka, na ndani ya ule mvumo nikasikia kitu kama mtu anayesaga meno.

Nilimrukia. Nilimkumba mzee wa watu kiunoni, tukaangukia beseni la oili chafu, suruali yangu mpya ikachanika nyuma yote, watu wakapiga kelele, “Anampiga mzee! Mkamateni!” na jamaa mmoja alikwisha kunikaba shati, ndipo jiwe likapasuka, paa! Kipande kikatoboa bati la paa.

Wote wakatazama lile tundu, kisha wakanitazama mimi. Jamaa akaniachia shati, akaanza kunifuta oili. “Kijana amemwokoa mzee!” Nikawa shujaa, kwa muda wa pumzi moja hivi, mpaka Mzee Polikapi, oili ikimtiririka masikioni, aliponiuliza taratibu:

“Mwanangu, ulijuaje?”

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Lakini kile kinyundo kilikuwa kimedondoka miguuni pangu, nikashindwa. Nikasema yote, mbele ya bosi na mafundi wote, nimeshika suruali kwa nyuma. Bosi alinifukuza kazi pale pale. Mzee hakunitukana, aliokota kipande cha jiwe chenye ufa, akakisogeza sikioni pangu, akakigonga, du, akaondoka zake.

Nimezeeka sasa, na bado nikipita Pito vijana hunipigia kelele, “Hili si jembe!” Wengi wao hawajui maneno hayo yalitoka wapi. Mimi najua, ndiyo maana nimefunga kinyundo mezani, na mteja akisahau kugonga, namkumbusha mwenyewe.