Majuma Niliyosali Bila Sauti

Nilikuwa mtu wa kusali kwa sauti. Nyumbani kwetu Ihanda baba alituamsha kabla ya kwenda kuchuma kahawa, na kila mtoto alitakiwa aombe asikike hadi jikoni. Nilipoolewa Tunduma nikaja na tabia hiyo hiyo. Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, alinitania kwamba majirani hawana haja ya kununua saa. Kanisani niliimba sauti ya kwanza. Na mtu akiwa na mgonjwa au safari ngumu alipita mgahawani kwangu, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akasema, "Mama, niombee." Nilifuta mikono, nikaomba hapo hapo sufuria zikichemka.

Rovu nilikuwa nalo shingoni tangu usichana. Lilikua polepole, nikalizoea, hadi mwaka juzi lilipoanza kunibana pumzi nikilala. Daktari akasema litolewe. Nilisafiri hadi hospitali kubwa, upasuaji ukaenda vizuri, lakini nilipozinduka na kufungua kinywa niombe maji, ilitoka hewa tu.

"Usilazimishe," daktari alisema. "Wala usinong'one, kunachosha koo zaidi. Nyamaza majuma kadhaa, halafu tutaona."

Hilo "tutaona" nilirudi nalo Tunduma.

Mama mkwe wangu akateremka kutoka Ibaba na gunia la maharage, akashika mgahawa pamoja nami. Yeye alisema na wateja, mimi nilipika. Kazi haikunisumbua. Kilichonisumbua kilikuwa asubuhi. Nilipiga magoti kando ya kitanda kama kawaida, nikakuta sijui pa kuanzia. Maneno yasiyo na sauti yaliteleza. Nilianza na Yesu, nikahamia kwenye vitunguu, kisha viatu vya shule vya watoto, na nilipoinuka nilikuwa nimepanga mboga ya mchana. Niliogopa. Nilijiuliza kama miaka yote ile nilikuwa nasema naye, au nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Mama mkwe hakuwa mtu wa maombi marefu. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa uzee. Lakini siku moja tukichagua maharage kwenye ungo, nilimsikia akisema maneno mawili matatu kwa Kindali, lugha ya kwao, akanyamaza, baadaye akasema tena kidogo. Kwa mkono nikamuuliza anaongea na nani.

"Na Yesu," alijibu bila kuinua macho. "Namwambia wadudu wamezidi mwaka huu."

Nikacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Unacheka nini, mwanangu? Yupo hapa. Na wewe husemi, nimwambie nani?"

Kuanzia hapo niliacha kuhangaika na magoti ya asubuhi. Nikisukuma chapati nilimwambia Bwana unga wa leo ni mlaini, asante. Mteja mkorofi akiingia nilimwambia, huyu, nisaidie. Sikuanza kwa utaratibu wala sikumaliza kwa amina. Siku nyingine nilisahau hadi jioni, nikakumbuka nikiosha masufuria, nikamweleza siku ilivyokwenda. Sikuhisi kama nimekosea. Nilihisi kama nimefika nyumbani nimechelewa na chakula kimewekwa.

Siku moja akaingia dereva wa lori, mtu mzima, mteja wetu wa kila safari. Aliagiza supu, hakuigusa. Nikamsogelea kuona kama ina kasoro.

"Wamenipigia simu," alisema. "Mama yangu amefariki. Na mimi nipo kwenye foleni, mzigo wa watu, siwezi kuuacha mpaka bosi alete dereva mwingine." Akanitazama. "Mama, niombee."

Hakujua habari ya koo langu. Nikagusa shingo, nikatikisa kichwa. Mama mkwe akaanza kueleza kutoka jikoni, "Huyu haongei, amepasuliwa," lakini yule bwana alikuwa ameshainamisha kichwa anasubiri.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, ule uliozoea usukani, mgumu kama wa mume wangu. Sikuwa na sentensi yoyote kichwani. Nilikuwa na jina moja tu, Yesu, nikalitaja moyoni, nikakaa nalo. Nje malori yalinguruma, wabadilisha fedha waliitana kwa Kibemba na Kiswahili. Yule bwana akaanza kulia taratibu, kisha kwa nguvu, na wateja wengine wakaangalia sahani zao. Sikuondoa mkono. Sijawahi kuwa na uhakika kama ule kwamba tulikuwa watatu mezani.

Alipotulia akajifuta uso kwa kofia yake. "Asante kwa maombi, mama," akasema, akavuta bakuli, akala supu ikiwa imepoa.

Baada ya majuma yale ya kunyamaza sauti ilirudi, kwanza kama mlango unaokwaruza, halafu ikapata nguvu. Ila ilirudi nzito. Kwenye mazoezi ya kwaya nilijaribu sauti ya kwanza, ikakatika katikati ya ubeti. Niliona haya. Mwalimu wa kwaya akanisikiliza mara mbili, akakuna kidevu.

"Dada, hamia sauti ya tatu."

"Kwa wanaume?"

"Ndiko sauti yako iliko. Tunapungukiwa huko, hata hivyo."

Nikavuka upande wa pili na sketi yangu. Vijana walicheka kidogo, kisha mmoja akasogea kwenye benchi, akafungua kitabu chake katikati yetu ili sote tuone. Nikashika sauti ile ya chini, ambayo miaka yote niliisikia kwa mbali tu nikiwa juu nashindana na wenzangu. Ni sauti nzuri. Nyimbo nilizozijua tangu utoto nazijifunza upya, na sioni sababu ya kurudi nilikotoka.