Nyota Chini ya Kiti

Mtaani walimwita Gramu, kwa kuwa alitengeneza mizani za wenye maduka na hakuwahi kusema "kama nusu kilo hivi." Ilikuwa nusu kilo au haikuwa. Kazi ilipopungua alivuta droo ya chini, akatoa sarafu zake za kale, akavaa lenzi jichoni, na hapo hata mkewe alijua kumwita ni kujichosha bure.

Kila sarafu ilikaa katika bahasha yake ndogo yenye mistari mitatu: mfalme, mji ilikogongwa, uzito. Vitabu vya kuzitambua alivinunua vichakavu, akavisoma kwa kidole, neno kwa neno, maana darasa la saba ndiko alikoishia. Lakini akishaandika, ameandika.

Mtu mmoja tu alimbishia: kaka yake, seremala. Miaka kumi na mmoja walibishana juu ya sarafu moja ya shaba. Walikuwako wafalme wawili, baba na mtoto, jina moja, sura moja. Sarafu za mtoto zina nyota ndogo chini ya kiti cha enzi. Za baba hazina. Kwenye hii, chini ya kiti palikuwa na kutu ya kijani tu, nene kama ukoko. Gramu aliandika baba. Kaka alishikilia kwamba ni mtoto, na kwamba hata mji si huo.

"Nyota ipo, we huioni tu. Nipe nisugue kidogo."

Alikuwa na mazoea ya kupapasa kila kitu kwa dole gumba, kama anavyopapasa mbao kuona kama imelainika. Gramu alimnyang'anya. Sarafu ya kale haisuguliwi, ukiisugua umeiua.

"Toa dole lako hapo, bwana. Hii si meza."

Kaka alipofariki, Gramu aliachwa naye chumbani dakika moja kabla jeneza halijafungwa. Akaitumbukiza ile sarafu kwenye mfuko wa koti la marehemu. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Bahasha tupu hakuitupa.

Mwaka wa sita baada ya mazishi, asubuhi moja, mnunuzi wa vyuma chakavu alileta mizani iliyokwama, na kopo lililojaa sarafu kuukuu za shaba. Akasema humo mna wafalme, Gramu achague wake. Ya tatu aliyoishika aliivalia lenzi.

Ufa mwembamba ulitoka puani mwa mfalme hadi ukingoni, sawasawa na ile aliyomzika nayo kaka. Hilo peke yake halikumtisha. Sarafu hizo ziligongwa kwa muhuri wa chuma. Muhuri ukipasuka, kila sarafu inayofuata huzaliwa na ufa uleule. Mapacha tu, alijiambia. Lakini ukingoni palikuwa na mkato wa tupa, alioutia kaka siku waliyoipata, akitaka kujua kama ni dhahabu. Mapacha hawazaliwi na kovu moja.

Akaipima. Gramu tatu nukta sifuri tisa. Bahasha tupu ilisema tatu nukta moja mbili. Akashikilia tofauti hiyo kama mtu anayezama ashikavyo kamba: si ile.

Mnunuzi hakukumbuka kopo limetoka kwa nani; watu wanaleta, yeye anapokea. Gramu hakufunga hata duka. Alikwenda makaburini karibu akimbie, akiogopa jambo moja: kwamba wamemfukua kaka yake. Saruji aliyoimwaga mwenyewe ilikuwa nzima, haina hata mstari. Magugu yalisimama pande zote bila kukanyagwa. Mlinzi alimhakikishia kwamba hapo hapajaguswa tangu siku ya mazishi.

Angepaswa kufurahi. Alirudi polepole, akaketi, na ndipo alipokumbuka kwamba hajaangalia upande wa pili.

Kutu ilikuwa palepale, isipokuwa chini ya kiti. Hapo palikuwa pamelainika, pamezama kidogo, mviringo mpana wa shaba tupu. Si tindikali, si brashi. Hivyo huacha vishimo na mikwaruzo. Aliweka dole gumba lake juu, likapwaya. Ni dole pana zaidi lililosugua, taratibu, la mtu asiye na haraka. Sasa alijua kile kidogo kilichopungua kwenye uzito kilikwenda wapi. Katikati ya mviringo ilikaa nyota.

Mkewe aliingia na ndoo, akamwona alivyo, akamuuliza kulikoni.

"Kaka alikuwa sahihi."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mtoto."

Mkewe akaweka ndoo chini. "Mtoto gani?"

Ilichukua muda kumweleza, na hakumweleza yote.

Jioni ile alikata neno baba kwenye bahasha, akaandika mtoto, akaitia sarafu humo. Akasema kwa sauti ya chini, "Haya, umeshinda," akafunga droo kwa ufunguo.

Wiki moja baadaye aliifungua. Kando ya kiti kutu ilikuwa imeanza kulainika, na herufi ya kwanza ya jina la mji ilichungulia. Haikuwa ile aliyoiandika yeye.

Hakuvaa lenzi. Alichukua kalamu, akaukata mstari wa pili, ule wa mji, hakuandika kitu mahali pake. Akairudisha sarafu, akasukuma droo polepole, akamwachia kaka yake amalize.